Mbunge Asiyeruhusiwa Kusema Asante

Nukazawa, 8 Februari

Kwa Mheshimiwa Mitsuho Shirahata, Bungeni, Tokyo

Barua nzuri huanza na habari za majira. Mimi leo siandiki barua nzuri, kwa hiyo habari za theluji utazisikia redioni.

Naitwa Kinue Togashi, kama umeshanisahau. Ndimi mwenyekiti wa akina mama wanaowaunga mkono Shirahata katika bonde hili. Nilimpikia babu yako alipogombea, nikampikia baba yako, na mwaka jana baba yako alipofariki, ukaacha kazi yako ya ufamasia kule Kobe ukaja kugombea kiti chake, nikakupikia na wewe. Ulikuwa unashika kipaza sauti kama mtu aliyeshika samaki hai. Nani alikuambia ulegeze vidole? Mimi.

Oktoba ukashinda. Tulipiga banzai mikono juu mpaka mabega yakauma, ukachovya brashi kwenye wino ukamtia daruma, yule mwanasesere wa bahati, jicho lake la pili la ushindi, picha zikapigwa. Kisha ukaenda zako. Novemba gari lako lilipita hapa kwangu, mimi niko juu ya ngazi naanika matunda ya kaki barazani. Nikapunga mkono. Ukainamisha kichwa nyuma ya kioo, gari likaondoka. Nikasema labda ana haraka. Nikakutumia boksi zima la kaki zilizokauka vizuri. Hapa kwetu hata yule jirani asiyesalimia mtu, ukimpelekea figili mbili, kesho yake analeta kitu. Wewe hukuleta hata kitambaa cha kupangusia mikono.

Haya, Desemba mume wangu Tokuji akafariki. Baba yako hakukosa maziko hata mara moja katika bonde hili. Alikuwa anakaa safu ya nyuma, anafukiza ubani, analia machozi ya kweli. Wewe ulileta telegramu, maneno yaleyale aliyoletewa muuza mafuta ya taa alipofiwa na mama yake. Nikaiweka chini ya nyingine.

Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Punda angalau anakugusa.

Nasikia Bunge litavunjwa kabla ya majira ya joto. Yule kijana Hikichi anayetaka kiti chako ameshakuja kwangu mara mbili. Amevua viatu, ameingia, amekula achari yangu ya figili, ameniuliza habari za mgongo. Akina mama wananiuliza, "Dada, tufanyeje?" Nimewaambia bonde hili si la Shirahata tena. Nimeona nikuambie mwenyewe, usije ukasikia kwa watu.

Sina la ziada.

Kinue Togashi


Tokyo, 11 Februari

Shangazi Kinue, shikamoo.

Asante kwa kunikasirikia. Sikufanyii mzaha. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye korido, nikaisoma tena nimekaa, mpaka Numazawa akaniuliza kama nimefiwa. Unamjua Numazawa, katibu wangu, aliyemtumikia baba tangu nikiwa shule ya msingi.

Ngoja nikueleze, halafu uamue mwenyewe. Sheria ya uchaguzi inamkataza mtu aliyeshinda kupita nyumba kwa nyumba akiwashukuru wapiga kura. Siku ile uko kwenye ngazi mimi nilikuwa nimeshashika kitasa cha mlango. Numazawa akanishika mkono, akasema, "Ukishuka hapa useme asante, nyumba ya pili je? Ya tatu je? Kesho tuko gazetini." Sheria inanikataza pia kumpa kitu mtu yeyote wa jimbo langu. Hata kitambaa, shangazi. Hata kiberiti. Kaki zako nilizila peke yangu, moja kila jioni, sikumwonjesha mtu, na kila nikimaliza moja naona aibu kwamba siwezi kurudisha kitu. Barua ya asante, au kadi ya mwaka mpya, naruhusiwa kuandika nikiwa najibu ya mtu tu, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Na wewe ulikuwa na msiba, na mwenye msiba hatumi kadi. Nilikaa nasubiri kadi ambayo nilijua haiji.

Maziko ndiyo mlango mmoja ulioachwa wazi. Mbunge akienda mwenyewe kwa miguu yake, anaruhusiwa kutoa bahasha ya rambirambi. Baba aliujua mlango huo, akautumia maisha yake yote. Machozi yake yalikuwa ya kweli, hapo hukukosea.

Sasa la Tokuji. Nililifunga moyoni kwa sababu yeye mwenyewe alinifunga mdomo. Mwezi wa Novemba alikuja ofisini kwangu pale mjini. Alikuwa ametoka hospitali, amepanda basi peke yake, amevaa lile koti lake la kuendeshea gari la kuzoa theluji. Aliniambia madaktari wamempa muda mfupi, na kwamba wewe unajua ni vidonda vya tumbo tu, na uendelee kujua hivyo. Nikampa chai, akainywa taratibu, akasema:

"Binti, baba yako alituzika vizuri sana. Sina lawama. Lakini siku waliyofunga zahanati yetu, yeye alikuwa mazikoni. Sasa tunataka mtu wa kututibu kwanza, kuzikwa tutajizika wenyewe. Siku yangu ikiangukia siku yako ya kazi Tokyo, usije. Ukija nitainuka kwenye jeneza nikufukuze."

Nikamwambia, mzee, Shangazi Kinue hatanisamehe. Akacheka mpaka akakohoa. "Atanuna mpaka Februari. Halafu atakuandikia. Akikuandikia kwa hasira, mwambie yote. Akikuandikia kwa upole, usimwambie kitu, maana ujue atakuwa anaumwa."

Siku ya maziko yake nilikuwa kamatini, zamu yangu ya kwanza kuuliza swali tangu niingie Bungeni. Niliuliza kwa nini mtu wa Nukazawa avuke milima miwili kwenye theluji ili apimwe presha. Waziri akasema watalichunguza. Gazeti moja likaandika kwamba mbunge mpya alitetemeka sauti kwa woga. Haukuwa woga. Nilikuwa natazama saa ya ukutani, najua ndiyo saa mnayofukiza ubani.

Sikuombi kura kwa barua hii. Naomba usimkasirikie yeye.

Mitsuho


Nukazawa, 2 Machi

Mwanangu Mitsuho,

Theluji ya paani imeanza kuporomoka yenyewe. Mchana inashuka kwa kishindo, paka wa jirani anakimbilia chini ya meza yangu. Chipukizi za fuki, ile mboga ya mwituni, zimetoka kando ya mfereji, nimekaanga chache jana. Umeona? Leo nimeanza na majira.

Barua yako niliichukua nikaiweka mbele ya picha ya Tokuji, pale tunapomwekea wali wake wa asubuhi. Nikamsema. Nilimsema tangu chai mpaka saa ya redio. Nikamwambia, wewe mzee, ulikwenda kwa mtu mkubwa na lile koti lenye mafuta, hukuona hata haya? Asubuhi ile sikumpa chai, alipata maji baridi. Jioni nikamhurumia.

Halafu nikakaa nikalia, Mitsuho. Ngoja nikuambie nisichomwambia mtu. Mimi nilijua. Vidonda vya tumbo havimfanyi mtu afundishe mkewe kuwasha mashine ya kuzoa theluji mwezi wa Oktoba, tena kwa upole, tena bila kufoka. Nilijua, nikajifanya sijui, ili asijue kwamba najua. Tulikaa hivyo sisi wawili, kila mmoja anamfichia mwenzake kitu kilekile, tunakula, tunatazama mieleka kwenye televisheni. Nilichokuwa sijui ni kwamba alikuja kwako. Nilidhani amekufa bila kumwambia mtu hata mmoja, na hilo lilikuwa linaniuma kuliko kufiwa kwenyewe. Kumbe alikuambia wewe, na ukampa chai. Kwa hiyo asante. Mimi sheria hainikatazi.

Juzi tulikutana akina mama ukumbini kufunga achari. Nikawasomea ile sehemu ya zahanati. Fusako akajifuta macho kwa aproni. Tamiyo, unamjua mdomo wake, akasema, "Mbunge kuandika si ajabu. Ajabu ni mbunge kusikiliza. Tungoje tuone." Nikamwambia hata Tokuji alianza kwa kungoja, akanioa.

Tunangoja, basi. Usidhani nimelainika kabisa.

Kinue


Tokyo, 3 Juni

Shangazi Kinue, shikamoo.

Umeshasikia, Bunge limevunjwa. Kampeni zinakaribia kuanza nami sijalala vizuri siku kadhaa.

Nakuandikia wewe kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Jana wazee wa kundi letu la wafuasi walikaa na mimi. Wanataka picha ya baba iwe kubwa kwenye mabango, yangu iwe ndogo pembeni. Wanataka gari lipite likitangaza "mtoto wa Shirahata, mjukuu wa Shirahata." Nikasema nataka kuzungumza habari za zahanati za mabonde. Numazawa akanijibu, tena kwa upendo, "Jina la baba ndilo linaloshinda. Wewe ulete sauti tu." Nikishindwa, safari ijayo kiti wanampa binamu yangu Kazuomi, yule wa benki. Hawanifichi. Mmoja ameshaanza kumwita mheshimiwa.

Numazawa amepiga hesabu. Anasema mjini mimi na Hikichi tuko sawasawa. Mabonde ndiyo yatakayoamua, na mabonde yanafuata Nukazawa. Yaani kiti changu kiko mikononi mwenu.

Shangazi, sitaki kurudi Kobe. Mwanzoni nilikubali kwa sababu baba alikufa na watu walikuwa wanalia sebuleni. Sasa naitaka kazi hii kwa moyo wangu. Nifanyeje?

Mitsuho


Nukazawa, 5 Juni

Mwanangu,

Cheri zimeanza kuiva na ndege wameshajua kabla yetu. Nakuandikia haraka, Fusako anapeleka posta.

Picha ya baba yako iondoe barabarani. Usiitupe, Mungu apishe mbali. Irudishe nyumbani kwa mama yako, aiweke mahali pake, amwekee chai. Amesimama kwenye nguzo za umeme tangu wewe hujazaliwa, mvua yake, jua lake. Mpumzisheni.

Wazee wakifoka, waambie ni agizo la Kinue wa Nukazawa. Wananiogopa tangu yule mmoja aliposema chakula changu hakina chumvi.

Na uje huku. Usije kushukuru, usije kuinamisha kichwa mpaka magotini. Simama juu ya kreti la bia mbele ya duka la ushirika, useme ulichouliza kamatini, uliambiwa nini, na utauliza nini tena. Kama hujui jambo, sema hujui. Hikichi anajua kila kitu, mpaka tumemchoka.

Tamiyo ameniambia nikuulize kama bado unashika kipaza sauti kama samaki.

Kinue


Nukazawa, Jumatatu, siku ya pili ya matokeo

Mitsuho mwanangu, hongera. Tumekesha kwenye televisheni ukumbini. Walipotangaza mabonde, Tamiyo alimwaga chai yote kwenye mkeka, na mkeka ulikuwa mpya.

Sina jipya la kukuambia. Nimeandika mapema tu ili uwe na barua ya kujibu.

Kinue


Tokyo, 30 Juni

Shangazi Kinue,

Asante.

Asante kwa kreti la bia, asante kwa kusimama mbele kabisa na mwavuli wakati mvua inanyesha na watu wangeweza kuondoka. Asante kwa akina mama waliopanda basi kwenda mabonde mengine bila kuambiwa na mtu. Mwambie Tamiyo asante, ila usiseme nimekutuma, sema ni asante yako mwenyewe. Sijui hata hilo kama linaruhusiwa.

Numazawa amekuja asubuhi amevaa tai mpya. Amesema, "Mheshimiwa, nilikosea hesabu." Hajawahi kuniita hivyo tukiwa wawili.

Nakuandikia na wino unachafua vidole, kwa mkono wangu, kama sheria inavyotaka. Ningeandika hata bila sheria.

Mitsuho


Tokyo, 12 Desemba

Shangazi Kinue, shikamoo.

Habari zangu labda umezisikia. Nimeteuliwa naibu waziri wa afya. Wazee wa kundi wamefanya sherehe na kunywa sana, na binamu Kazuomi amenitumia maua. Mimi nilifurahi zaidi na habari ya mwezi wa kumi, daktari kuanza kuja Nukazawa Jumatatu na Alhamisi. Najua siku mbili hazitoshi. Nimeanza kuisumbua wizara ambayo sasa na mimi nimo ndani yake, kwa hiyo najisumbua mwenyewe.

Lakini leo siandiki kwa sababu hiyo. Numazawa amerudi kutoka mabondeni akasema nyumba yako imefungwa, umehamia kwa binti yako Niigata. Nilihuzunika, shangazi. Nyumba yako imefungwa, nani atawasema watu pale?

Halafu usiku ule nikakaa kitandani ghafla. Niigata si jimbo langu. Mtu wa Niigata mimi naweza kumpa kitu.

Sikumwuliza Numazawa, maana angefungua kitabu. Leo mchana nimekwenda dukani mwenyewe, bila dereva. Nilichagua shali ya sufi, rangi ya zambarau iliyofifia, nikafikiri atasema ni ya kizee, nikabadilisha, nikafikiri atasema ni ya kisichana, nikairudia ya kwanza. Na chai ya kutoka mji wa Uji, ile nzuri ambayo muuzaji anaizungumzia kwa sauti ya chini. Nimevifunga mwenyewe kwenye boksi, ndiyo maana pembe zimekaa vibaya.

Sijawahi kufurahi dukani hivyo. Tangu nianze kazi hii nimepewa mchele, cheri, kaki, uyoga, viatu vya theluji, nimeshikwa mikono na watu wenye mikono ya baridi, na mimi kazi yangu ni kuinama tu na kupokea. Vipokee, tafadhali. Ni asante ya mwaka mzima.

Mitsuho


Niigata, 18 Desemba

Mwanangu Mitsuho,

Theluji ya huku ni ya majimaji, inakuja ubavuni na upepo wa baharini, haina adabu kama ya kwetu. Samaki ni wazuri, hilo nalikubali.

Hongera ya unaibu waziri. Barua yako ilitangulia, na boksi lako limefika. Nalirudisha pamoja na barua hii. Usihamaki, soma kwanza.

Nani kakuambia nimehama? Nimekuja kwa binti yangu Chikako kukaa mpaka theluji iishe, kwa sababu mgongo umegoma kupanda paani. Jina langu liko palepale, katika ofisi ya mji wetu, mkazi wa Nukazawa. Mimi bado ni mpiga kura wako. Yaani umempa kitu mtu wa jimbo lako, naibu waziri mzima, tena kwa mwandiko wako juu ya boksi. Numazawa akijua atalazwa. Mwambie huyo mzee siku nyingine akikuta nyumba imefungwa aulize majirani.

Sikulifungua. Chikako alisema, "Mama, fungua tu, nani ataona?" Nikamwambia nitaona mimi. Lakini nikuambie ukweli, nililipakata mapajani alasiri nzima. Pembe zimekaa vibaya kweli, na chai ilikuwa inanukia kupitia karatasi. Nilifurahi, mwanangu. Maishani mwangu sijawahi kurudisha kitu kwa furaha namna hii. Asante nimeipokea yote, boksi tu ndilo linalorudi.

Chikako anataka nihamishie jina huku moja kwa moja. Anasema nyumba yao ina joto, hospitali iko hatua chache, na shali yangu ningeivaa kihalali. Nimelifikiria usiku na mchana. Nimekataa.

Sababu sikumwambia, nakuambia wewe. Tangu nianze kupiga kura, nikiingia kwenye kile kijisehemu chenye penseli, tunapoandika jina la tunayemtaka, niliandika Shirahata. Kwa babu yako Shirahata, kwa baba yako Shirahata, hata kwako ile Oktoba niliandika Shirahata, mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa naandika ukoo. Mwezi wa sita penseli ilisimama. Watu nyuma wananingoja, na mimi natazama karatasi. Nikaandika Mitsuho. Basi, hilo tu. Tulipotoka nje Tamiyo akaninong'oneza kwamba na yeye kaandika hivyo, na Fusako akasema kumbe, hata mimi. Na hatukuwa tumepatana.

Uchaguzi ukiitwa hata katikati ya theluji, nitapanda treni nirudi nyumbani nikaliandike tena.

Mpiga kura wako,

Kinue